Sili wa Kumi na Nne

Sura ya Tisa

Krina Bosselaar, inspekta wa polisi, alingoja siku kumi na nne ili maji yarudie saa zake.

Bahari haina haraka ya mtu. Jumamosi ile aliyokufa Rochus Dingemanse, maji yalikuwa ya bamvua, yakapwa mpaka mwisho saa nne na nusu asubuhi. Jumamosi iliyofuata, saa hiyohiyo, yalikuwa yamejaa. Ikabidi inspekta asubiri Jumamosi ya pili. Na siku hizo alizozisubiri Krina, Levien Verhage, mvuvi wa kome, alikuwa akizisubiri pia katika chumba cha mahabusu mjini, akituhumiwa kumzamisha Rochus. Alhamisi ijayo mahakama ingeamua kama akae ndani siku tisini zaidi.

Mambo matatu yalimkaba Levien. Kwanza, asubuhi ile watu watano bandarini Zoutewelle walimsikia akimfokea Rochus, mwalimu wa hisabati, kwamba akimkuta tena na mtumbwi wake wa kayaki katikati ya kamba za kufugia kome atamfundisha hesabu ya kutoa. Pili, jioni yake kayaki hiyo ilikutwa kwenye sitaha ya boti ya Levien, na ndani yake simu ya Rochus katika mfuko usioingia maji. Tatu, hakumwambia mtu yeyote. Jumatatu maiti ikaokotwa kilomita tisa kusini, imevaa suti nyeusi ya mpira toka utosini hadi kifundoni.

Lililomtetea lilikuwa moja tu: maneno yake mwenyewe. Alisema aliikuta kayaki ikielea tupu. Alisema alikwenda hadi karibu na fungu la mchanga la Wolplaat kumtafuta mwalimu, akawauliza kwa redio walinzi wa sili, wanyama wa baharini wenye mapezi, walioko juu ya tuta la kuzuia bahari, wakamjibu hakuna mtu. Basi akaamini kwamba Rochus kesharudi nchi kavu kwa njia zake, akaichukua kayaki.

“Kwa nini hukuirudisha?” Krina alimwuliza siku ile ya kwanza.

“Nilitaka aje aniombe,” Levien alijibu, na hapo hapo akajifunika uso kwa mikono.

Kisha daktari wa maiti akaleta lake. Rochus alikufa maji, hilo halikuwa na ubishi. Lakini kifundo chake cha mguu wa kushoto kilikuwa kimevunjika, na kilikuwa kimevimba. Mguu wa maiti hauvimbi namna ile. Baada ya kuvunjika, mwalimu aliishi saa tatu, pengine nne.

Saa hizo tatu au nne alikuwa wapi? Hilo ndilo swali alilotembea nalo Krina wiki mbili. Alimtafuta mwanamke aliyedai kumwona mtu wa suti nyeusi akichechemea tutani mchana ule. Akampata mtu mwenyewe, kijana anayecheza majini kwa ubao wenye tanga, mzima wa afya, aliyechomwa na mwiba. Alipita vibanda vyote vya uvuvi. Alipima mikondo. Kila njia ilimrudisha mahali pamoja, naye kila mara alijaribu kutafuta njia nyingine.

Sasa njia nyingine zilikuwa zimekwisha. Aliegesha gari chini ya tuta la bahari, akapanda ngazi za zege, mkoba begani na mfuko wa karatasi mkononi. Upepo wa magharibi ulimsukuma mgongoni. Kule juu kilisimama kibanda cha mbao cha walinzi wa sili, mlango wazi.

“Hodi.”

“Nel, weka kahawa!” Mzee Janus Koppejan alisema bila kugeuka. “Afande amekuja na bolusi. Polisi akija na mkate mkononi, ujue anataka roho ya mtu.”

“Nyamaza, Janus.” Mwanamke aliyekuwa akisafisha darubini alijiweka sawa, akafuta vidole. “Karibu, mwanangu. Usimsikilize huyu. Miaka arobaini alilinda lango la mfereji, hakuwa na wa kuongea naye ila boti.”

“Na boti zilinisikiliza. Wewe je?”

Pieternella Minderhoud, ambaye kila mtu alimwita Nel, alikuwa na miaka sitini na minane. Kabla ya kustaafu alikuwa muuguzi wa wilaya, akizunguka na baiskeli nyumba kwa nyumba kufunga vidonda. Sasa kila Jumamosi alikaa na Janus hapa, kwa hiari yao wala si kwa ujira, wakiwahesabu sili waliolala kwenye fungu maji yanapokupwa, na kuwazuia watu wasiwasogelee. Sili kwa mbali ni kama magunia yaliyolowa, yaliyosahauliwa mchangani, mpaka gunia moja liinue kichwa likutazame.

Krina aligawa mikate. Mdalasini ulinata vidoleni. Alitazama saa: saa nne na dakika thelathini na tano. Konstebo Geluk alikuwa mahali pake tangu saa mbili, na mara mbili alikwisha kulalamika kwa redio kuhusu baridi.

“Leo nitawasumbua,” Krina alisema. “Nitawauliza yaleyale, halafu nataka mfanye zamu yenu kama siku zote. Mimi nijifanye sipo.”

“Hilo polisi huliweza,” Janus alisema. “Tukiwahitaji hamko.”

“Levien aliwaita saa ngapi?”

“Saa tano na dakika tano. Imeandikwa. Nel hutazama, mimi huandika. Macho yangu mimi ni ya kuazima.”

“Alisemaje, neno kwa neno?”

Nel alifikiri kidogo. “Alisema: ‘Nyie wa sili, kuna mtu hapo funguni? Nimekuta kayaki tupu.’”

“Ukamjibu?”

“Nilitazama kwanza. Usidhani nilijibu tu. Nilipitisha darubini toka kaskazini hadi kusini, polepole. Nikamwambia hakuna mtu, sili tu. Nikamwambia asisogee, kuna mmoja mgonjwa amelala. Akimtia hofu ataingia majini hana nguvu, afe.”

“Naye?”

“Akageuza boti. Alitukana kidogo.”

“Alitukana sana,” Janus alisema. “Sikuandika.”

“Yeye mwenyewe aliliona fungu?”

“Kwa chini pale? Haoni kitu. Kingo za fungu ziko juu kuliko boti yake. Ndiyo maana alituuliza sisi.” Nel alikunja mikono. “Mwanangu, hili nimeshalisema mara tatu. Levien anasema kweli. Aliuliza, nikamjibu. Sasa mnamshikia nini?”

“Mwendesha mashtaka anasema aliuliza ili asikiwe akiuliza. Anasema wakati ule Rochus alikwisha kuwa chini ya maji. Toka saa sita kasoro dakika ishirini Levien yuko gatini akishusha kome, kamera inamwona mpaka saa tisa. Kwa hiyo kama alimwua, alimwua kabla ya hapo. Mimi natafuta kama Rochus alikuwa hai baada ya hapo.”

“Na utajuaje?”

“Naomba daftari la siku ile.”

Janus alilishusha kutoka rafuni, daftari la jalada la kijani, kurasa zimevimba kwa unyevu. Krina alikuwa na nakala yake ofisini na aliijua kwa moyo. Hata hivyo alilifungua mezani, akamwomba Janus asome kwa sauti. Alitaka kulisikia likisomwa na mwenye mkono ulioliandika.

“Haya,” Janus alisema, akavaa miwani. “Saa tatu na nusu. Hesabu kumi na wanne. Kumi na watatu kundini, mmoja peke yake ncha ya kusini. Saa nne kasoro dakika kumi. Sauti ndefu, labda sili wa kijivu. Hao hulia kama watu, afande, ukiwasikia usiku utatubu. Saa nne na robo. Namba kumi na nne ainua pezi la mbele, mara tatu. Saa tano kasoro dakika ishirini. Ndege ndogo, chini mno. Wote wamekimbilia majini ila namba kumi na nne. Labda mgonjwa. Kituo cha sili kimearifiwa.”

“Kituo kilisemaje?”

“Kile wasemacho siku zote,” Nel alidakia. “Tusimkaribie. Tumtazame saa ishirini na nne kwanza. Ndiyo sheria, nayo ni nzuri. Zamani watu walikuwa wakiwaona wamelala peke yao, wanawabeba, wanawapeleka nyumbani kwenye beseni. Waliwaua wazima kwa huruma.”

“Endelea, mzee.”

“Saa tano na dakika tano. Boti ya kome, imeondolewa. Saa sita. Kundi limerudi, kumi na watatu. Saa sita na nusu. Namba kumi na nne hainui tena pezi. Saa saba kasoro dakika kumi. Maji yamemfikia namba kumi na nne.” Janus alitabasamu. “Amerudi baharini mwenyewe. Safi sana. Hapa Nel aliniambia niweke alama ya mshangao. Nikaweka mbili.”

“Tulikula keki siku ile,” Nel alisema.

Krina alikunywa kahawa yake mpaka chini, akaweka kikombe. Simu yake ilitikisika mfukoni: ujumbe kutoka boti ya polisi iliyojificha upande wa pili wa fungu, wa neno moja tu. *Kumi.* Akaandika neno hilo na saa kwenye karatasi, akaitia katika bahasha, akaifunga kwa gundi, akasaini juu ya mfuniko.

“Hiyo nini?” Janus aliuliza.

“Nitakuonyesha baadaye. Bi. Nel, muda wa kuhesabu umefika?”

“Umefika. Uliomba tusihesabu mpaka uje, hatujahesabu.”

“Basi hesabu.”

Nel aliinama kwenye darubini. Jua la Oktoba lilikuwa bado chini, mbele yao kabisa, nyuma ya fungu, na mkondo wote wa kati ulimeta kama kisu. Juu ya mchanga hewa ilikuwa ikicheza. Kwa macho matupu Krina aliona mstari wa rangi ya ngano na vidoa vyeusi juu yake. Mita mia saba. Alikwisha kuipima.

“Watatu,” Nel alinong’ona. “Watano. Sita, yule mkubwa. Saba, nane. Kuna wawili wamelaliana. Kumi.” Mkono wake ulisukuma darubini kusini, kidogo kidogo, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alimolala mtoto. Kisha ukasimama.

“Janus.”

“Nakusikia.”

“Kumi na moja. Kuna mmoja peke yake ncha ya kusini.” Sauti yake ilipanda. “Palepale! Janus, ni palepale pa yule mwingine. Ni yeye! Amerudi!”

“Nilikwambia ni mzima! Sikukwambia?”

“Amelala ubavu uleule. Hajanenepa sana, lakini yupo. Tazama, anainua pezi!” Alicheka, jicho lake bado kwenye kioo. “Ewe mjinga wewe, ulitutia hofu bure.”

Krina aliandika: saa tano kasoro dakika nane. Kalamu ilikwama karatasini, akaijaribu kiganjani, ikaandika.

“Mzee Janus, tafadhali iandike hesabu hiyo daftarini. Kumi na moja, mmoja peke yake, amelala ubavu, ameinua pezi. Weka saa. Saini. Na Bi. Nel asaini chini yako.”

“Leo afande ana adabu za benki,” Janus alisema, lakini aliandika. Nel alisaini bila kutazama karatasi, haraka, apate kurudi kwenye darubini.

“Umemwona vizuri?”

“Kama ninavyokuona wewe.”

“Una shaka yoyote kwamba ni sili?”

Nel aligeuka. Alimtazama Krina kwa mara ya kwanza tangu aingie kama muuguzi anavyomtazama mgonjwa anayesema haumwi.

“Kwa nini unaniuliza hivyo?”

“Nijibu kwanza, mama.”

“Sina shaka.”

“Rudi kwenye darubini. Usiondoe jicho.”

Krina alitoa redio mkobani. Aliishika mbele ya mdomo muda kidogo kabla ya kubonyeza.

“Geluk. Inuka.”

Kwenye ncha ya kusini ya fungu, sili wa kumi na moja alikunja magoti, akajitegemeza kwa mkono mmoja, akasimama kwa miguu miwili. Alikuwa mweusi na mrefu. Alipunga mkono. Papo hapo kundi lote la kaskazini likajiviringisha mchangani, kumi, likaangukia majini, na fungu likabaki na mtu mmoja tu juu yake.

Nel alibaki ameinama hivyohivyo, jicho kiooni.

“Nini?” Janus alisema. “Nel? Kuna nini?”

Akachukua darubini ndogo ya mkononi iliyoning’inia msumarini, akahangaika nayo, akaona. Akaiweka mezani taratibu, juu ya mkate wake.

“Ni nani yule?” aliuliza.

“Konstebo wangu. Amevaa suti kama ya Rochus.” Krina alipasua bahasha, akaweka karatasi mbele yao. “Boti yetu iliwahesabu kwa nyuma, sili kumi. Nyinyi mmehesabu kumi na moja.”

“Mmelala kwenye fungu lililofungwa,” Janus alisema. Midomo yake ilitafuta maneno, ikapata hayo tu. “Ndani ya mita mia tano. Mna kibali?”

“Tunacho.”

“Ungemwambia!” Sasa mzee alifoka, akasimama, kiti kikaanguka. “Umekaa hapa umekula mkate nasi! Ungemwambia kwanza, humwoni alivyo? Mwanamke mzima, umemfanya kama panya wa majaribio!”

“Ningemwambia, mzee, isingekuwa ushahidi. Wangesema amemwona kwa sababu nilimwambia amwone. Na Levien angebaki ndani.”

“Janus,” Nel alisema. “Okota kiti.”

Akaokota.

Nel alikaa juu ya benchi, mikono magotini. Alitazama ukuta, penye picha mbili za sili zilizobandikwa ili watu wajifunze kutofautisha wa kijivu na wa madoa.

“Kifundo kilivunjikia wapi?” aliuliza.

“Nadhani kwenye makombe ya chaza, ncha ileile. Alishuka kayakini, mguu ukazama kati ya makombe, akaanguka. Maji yakaichukua kayaki, na simu ilikuwa humo.”

“Saa ngapi?”

“Kabla ya saa tatu na nusu. Mlipoanza zamu alikuwa ameshalala.”

“Alikuwa akiita. Ile sauti.”

“Sijui, mama. Upepo ulikuwa wa magharibi kama leo. Unaitoa sauti huku kuipeleka kule.”

“Nimeisikia mimi,” Janus alisema. “Nel hakuisikia. Mimi ndiye niliyesema ni wa kijivu.”

“Na mimi ndiye niliyetazama.” Nel aliinua mkono wa kulia, akautazama, akaurudisha gotini. “Mara tatu. Hivi. Miaka thelathini na minane nimefunga miguu ya watu. Mtu akilala kwa kifundo kilichovunjika hulala vile, anaulalia ubavu ulio mzima. Ningemwona barabarani ningejua toka mbali. Lakini hapa nilikuwa nimekuja kuona sili.”

Krina alikuwa na swali moja lililobaki, nalo lilihitajika kwenye taarifa. Akaliuliza.

“Maji yalipomfikia, alielekeza wapi kichwa?”

“Hakuelekeza.” Nel alijibu upesi, kama aliyekuwa akilingoja. “Sili huyageukia maji. Huyu aliondoka kwa ubavu. Yalimwinua, yakamzungusha mara moja, yakaenda naye. Niliona. Nikasema ajabu, amechoka sana, anajiachia tu.” Akamgeukia Krina. “Saa saba kasoro dakika kumi. Alikuwa hai?”

“Daktari amekuta maji ya bahari mapafuni. Aliyavuta mwenyewe.”

Nje, kamba ya bendera ilikuwa ikigonga mlingoti, tik, tik, tik.

Krina alitoka mlangoni, akampigia simu mwendesha mashtaka. Ten Brinke alikuwa sokoni. Nyuma yake ilisikika sauti ya muuza jibini akitaja bei.

“Unaniambia mashahidi wangu wawili walimchukulia mtu kuwa mnyama kwa zaidi ya saa tatu nzima?”

“Na leo tena, mbele yangu. Imesainiwa. Namba kumi na nne hakukimbia ndege ilipopita. Kumi na watatu walikimbia. Kundi liliporudi walikuwa kumi na watatu, na yeye wa kumi na nne. Hakuwa sili saa yoyote ya siku ile.”

“Na Levien Verhage?”

“Maji yalimchukua Rochus saa saba kasoro kumi. Levien alikuwa gatini mbele ya kamera, tangu zaidi ya saa nzima kabla yake. Alichosema ni kweli, neno kwa neno.”

Muuza jibini alimpa mtu salamu za mama yake.

“Nitaandika aachiwe leo,” Ten Brinke alisema hatimaye. “Nani atamwambia?”

“Mimi.”

“Utamwambia yote?”

“Atauliza,” Krina alisema. “Alikuwa mita mia tatu kutoka kwake.”

Aliporudi ndani, Nel alikuwa mezani na daftari la kijani mbele yake, limefunguliwa ukurasa wa siku ile. Alikuwa ameshika kalamu ya Janus. Ncha yake ilikuwa juu ya mstari wa mwisho.

“Usifute, mama.”

“Sifuti. Nataka kuandika chini yake.”

“Hilo nalo siwezi kuruhusu. Ni kielelezo sasa.”

“Neno moja tu. Ibaki hivi? ‘Safi sana’?”

“Ibaki hivyohivyo.”

Nel aliweka kalamu chini. Krina akalitia daftari katika mfuko wa plastiki, akaandika namba, akaomba saini zao. Janus alisaini kwa kukandamiza mpaka karatasi ikatoboka.

“Levien atatoka?” Nel aliuliza.

“Atatoka leo.”

“Aliniuliza. Alikuja mpaka pale na boti yake, akaniuliza kwa heshima, nikamfukuza.” Alifikiri. “Nimefanya kosa gani? Nipe jina lake.”

“Nimetafuta, mama. Hakuna kifungu. Mlifuata sheria yenu, na kituo kiliwaambia msubiri.”

“Afadhali kingekuwepo.”

“Najua.”

“Hujui, mwanangu. Lakini asante.” Alivuta pumzi. “Na mke wa Rochus? Anadhani alikufa papo hapo.”

“Nitakwenda kwake nikitoka hapa. Kabla hajasoma gazetini.”

“Nije nawe?”

“Si leo. Akitaka kukuona, atasema mwenyewe.”

“Na asipotaka?”

Krina alianza kukusanya vitu vyake. Janus alikuwa amesimama dirishani, mgongo kwao, akitazama mchanga.

“Maji yamegeuka,” alisema.

Nel aliinuka mara moja, akaenda kwenye darubini.

“Kijana wako bado yupo pale.”

“Boti inakuja kumchukua.”

“Siioni.”

“Inazunguka ncha ya kaskazini, mama. Dakika kumi.”

“Nimesema siioni. Mwite.”

Krina alibonyeza redio. Geluk alijibu, meno yakigongana, kwamba ni mzima na kwamba anadai chai. Nel alisikia kila neno, hakuondoa jicho.

“Amekaa chini,” alisema. “Kwa nini anakaa? Mwambie asikae.”

“Geluk, simama.”

Akasimama.

“Mwambie apunge mkono.”

“Mama...”

“Mwambie.”

Krina akamwambia. Mbali huko, kidoa cheusi kilinyoosha mkono, mara moja, mbili, tatu. Nel alihesabu kwa midomo.

Walikaa hivyo. Kahawa ilipoa. Mstari wa rangi ya ngano ulizidi kuwa mwembamba, na makombe ya chaza kwenye ncha ya kusini yakafunikwa kwanza. Janus alichukua karatasi mpya, akaipigia mistari kwa ukingo wa kisanduku cha biskuti, kwa kuwa daftari halikuwepo tena. Safu ya saa, safu ya hesabu, safu ya mengineyo. Akangoja, kalamu mkononi.

Boti ikatokea kaskazini, kijivu, ikikata maji polepole mno. Ikasimama. Mtu mmoja akashuka mpaka magotini, akamwendea yule aliyesimama, akamshika mkono.

“Niandike nini?” Janus aliuliza.

Nel alingoja mpaka wote wawili wamepanda, na boti imegeuka, na fungu halina kitu juu yake. Kisha akangoja tena kidogo.

“Andika mtu mmoja,” alisema. “Andika amechukuliwa. Weka saa.”